Nusu Karne ya Mawe ya Kijani: Taarikhi ya Jumba la Jedi la San José, Imeandikwa Bredäng

Jumba la Makumbusho ya Jedi la San José, mji mkuu wa Kosta Rika, lilianzishwa mwaka 1977, na kwa hivyo mwaka 2027 litatimiza nusu karne. Na taasisi iliyofikia umri huo hustahili kuandikiwa taarikhi yake, si kwa sifa tupu kama ilivyo desturi ya hotuba za sherehe, bali kwa kutaja asili yake, wahisani wake, fakhari yake na upungufu wake. Huenda msomaji akastaajabu kuona kazi hiyo imeshikwa na mtu wa pwani ya Afrika ya Mashariki akaaye Bredäng, kitongoji cha kusini-magharibi ya Stockholm, maelfu ya kilomita kutoka San José. Walakini mshangao wake utapungua akijua kuwa sehemu kubwa ya elimu ambayo jumba lile linaihitaji ili mawe yake yaseme, ilipakiwa katika makasha zaidi ya miaka mia moja iliyopita, ikavushwa bahari, ikaletwa katika mji huu tunaokaa.

Bredäng yenyewe ni mahali papya. Majumba yake marefu yalisimamishwa katika miaka ya 1960, treni ya chini kwa chini ikafika mwaka 1965, na tangu hapo wamekuja watu wa kila jinsi na kila lugha, wakapanga, wakazaa na kulea, hata mtu apitaye penye maduka ya karibu na kituo husikia Kisomali, Kiarabu na Kihispania kabla hajasikia Kiswidi, na siku ya bahati njema husikia na Kiswahili. Ukitoka hapo kwa treni ya mstari mwekundu hadi katikati ya mji, kisha ukapanda basi la namba 69 linalopita kando ya maji, hufika Djurgården, penye Jumba la Etnografia la Uswidi, jengo la mbao nyekundu lililofunguliwa mwaka 1980. Humo ndimo yalimohifadhiwa makusanyo ya mtu aitwaye Carl Vilhelm Hartman, ambaye habari zake tutazieleza mbele kidogo, maana haifai kumtaja mchimbaji kabla ya kulitaja jiwe.

Jedi ni jiwe gumu, aghalabu la kijani, mara nyingine la kijivu au la samawati, na lile lililochongwa na watu wa Amerika ya Kati kabla ya kufika Wahispania ni la aina iitwayo jedaiti. Machimbo yake yanayojulikana katika sehemu zile za dunia yako katika bonde la mto Motagua, nchini Guatemala. Ama katika ardhi ya Kosta Rika hayajapatikana machimbo hata mamoja. Hivyo kila kipande cha jedaiti kilichochimbuliwa katika rasi ya Nicoya au katika mabonde ya upande wa bahari ya Karibi kilisafiri mamia ya kilomita, kwa mitumbwi na kwa mabega ya watu, kikapita mikono mingi, na kila mkono, bila ya shaka, ulitaka faida yake. Kwa kuwa jiwe la kweli lilikuwa adimu, mafundi wa huko walichonga pia mawe mengine ya kijani yaliyokuwa karibu nao, na wataalamu wa leo, wakijua kuwa wenyewe hawakuyabagua mawe hayo kwa hesabu za maabara bali kwa rangi, mng'aro na hadhi, huyaweka yote katika kabati moja. Mimi naona wamefanya vyema, kwani lau wangepanga kabati kwa sheria ya mkemia wangepata usahihi wa madini na kupotewa na mawazo ya watu.

Watu hao hawakuwa na chuma. Wao walikata jiwe linalokaribia ugumu wa yale tuyatiayo katika pete kwa kamba, mchanga na maji: kamba ya nyuzi za mmea ilivutwa huku na huku juu ya jiwe, mchanga mkali ukitiwa na kutiwa tena, hata mfereji ukazama, kisha jiwe likageuzwa likakatwa kwa upande wa pili, na mifereji miwili ilipokaribia kukutana, fundi akaligonga likapasuka. Anayetaka ushahidi na autazame mgongo wa sanamu ya shoka, ambayo ndiyo kazi mashuhuri kuliko zote za Kosta Rika. Mbele yake ni laini kama maji yaliyotulia: nusu ya juu ni mtu aliyekunja mikono kifuani, au ndege mwenye mdomo mrefu, na nusu ya chini ni bapa la shoka lisilokusudiwa kukata kuni wala mti. Nyuma, lakini, unapita ukingo mwembamba wa jiwe lililovunjika, mkavu, usiopigwa msasa, kutoka kichwani hadi miguuni. Hapo ndipo mifereji miwili ilipokoma na nyundo ikaanza. Tundu la kupitishia uzi, lililopo shingoni, ni pana katika midomo yake miwili na jembamba katikati, kwa sababu keekee ya mfupa au ya mwanzi ilianza upande huu, ikasita, ikaanza upya upande wa pili. Fundi aliyeweza kuukwangua ule ukingo mpaka upotee hakuukwangua, kwani upande ule ulilala juu ya kifua cha mwenye mali na hapana aliyeuona.

Kazi hiyo ilidumu zaidi ya miaka elfu moja, tangu karne kadhaa kabla ya kuzaliwa Nabii Isa hadi yapata karne ya 8 baada yake, ndipo dhahabu, kwa ustadi uliotoka pande za Panama na Kolombia, ikashika mahali pa jedi vifuani mwa watawala. Katika muda huo waliingia Kosta Rika hata vipande vilivyochongwa na Wamaya na vyenye maandishi yao, na baadhi yake vilipasuliwa kwa kamba ile ile, maandishi yakakatwa katikati kama kwamba ni mikwaruzo, ili jiwe moja litoe mapambo mawili. Mtu apendaye vitabu huumia moyo akiona hayo; walakini aliyelipasua alilinunua jiwe, hakununua kisomo.

Sasa tuje kwa Hartman. Alizaliwa Uswidi mwaka 1862, akasoma elimu ya mimea, akafuatana na Carl Lumholtz, Mnorwe, katika safari za Meksiko, na mwaka 1896 akatua Kosta Rika kwa gharama za Mswidi mwenye mali, Åke Sjögren. Alikaa huko mpaka mwaka 1899. Zama hizo Minor Keith, Mmarekani aliyejenga reli ya kwenda pwani ya Karibi na kupanda migomba kandokando yake, alikuwa akikusanya sanamu na vyombo vya kale vilivyofichuliwa na majembe ya vibarua wake, na mahali paitwapo Las Mercedes palikuwa kama ghala lisilo na mlango. Hartman alichimba hapo hapo Las Mercedes, kisha akapanda nyanda za juu karibu na Cartago, na alichofanya hakikuwa cha ajabu kwa fundi wa leo, ila kwa wakati ule kilikuwa kigeni: kila kaburi alilipa namba, akalichora, akalipima, akaandika chombo gani kilikuwa kichwani, kipi miguuni, na kipi kilipatikana pamoja na kipi. Kitabu chake, kikubwa na chenye picha nyingi, kilipigwa chapa Stockholm mwaka 1901. Hata leo wasomi wa Amerika ya Kati humtaja kuwa miongoni mwa wa mwanzo waliochimba huko kwa njia ya elimu, si kwa njia ya uwindaji.

Makaburi ya nyanda za juu aliyoyafungua wakati ule yalikuwa ya enzi za baadaye, jedi ilipokuwa imekwisha kupitwa na wakati, na kwa hivyo makusanyo yaliyoletwa Stockholm ni ya mawe ya kuchongwa na ya udongo zaidi kuliko ya jedi. Jedi aliikuta aliporudi mwaka 1903, mara hii kwa niaba ya jumba la Carnegie la Pittsburgh, Marekani, akachimba maziara ya Las Huacas katika rasi ya Nicoya. Huko alizikuta sanamu za shoka zimezikwa pamoja na vichwa vya rungu vya mawe na mawe ya kusagia yenye miguu mitatu na nakshi chini ya tumbo, na kwa mara ya kwanza dunia ikajua, kwa maandishi yaliyotoka mwaka 1907, kwamba jedi, rungu na jiwe la kusagia vilikwenda pamoja kaburini. Mwaka 1908 alirejea Stockholm akashika uongozi wa idara ya etnografia, ambayo ndiyo mama wa jumba la leo, akauacha mwaka 1923. Alifariki mwaka 1941, na San José hapakuwa bado na jumba lolote la jedi.

Mtu aliyekuja kulianzisha jumba hilo hakuwa mwanachuoni wala waziri wa elimu, bali alikuwa mkuu wa bima. Kosta Rika mwaka 1924 iliifanya bima kuwa kazi ya serikali, na shirika lililoundwa kwa ajili hiyo, ambalo leo huitwa kwa ufupi INS, lilishika biashara ya bima peke yake hadi mwaka 2008 lilipofunguliwa soko kwa wengine. Katika miaka ya 1970 kiongozi wake alikuwa Fidel Tristán Castro, na mtu huyu aliona kwa macho yake jambo lililokuwa likijulikana na kila mtu na lisiloshughulikiwa na yeyote: jedi za nchi zilikuwa zikiondoka. Zilitoka ardhini usiku, zikapita kwa madalali, zikaingia katika masanduku ya wageni, na zikaonekana tena katika kabati za watu wa New York na Ulaya. Tristán aliamua kuwa shirika lenye fedha na lenye jengo refu halina udhuru. Vipande vikanunuliwa, vingine vikatolewa hiba, na mwaka 1977 jumba likaanzishwa, likakaa kwa miaka mingi katika ghorofa ya 11 ya jengo la bima, mgeni akitazama mawe upande huu na milima upande ule. Shauri la elimu lilitolewa na Carlos Balser, mhandisi aliyekuwa ameyasoma mawe hayo kwa miaka mingi, na uongozi ukawa mikononi mwa Zulay Soto, bibi ambaye jina lake na la jumba ni vigumu kuyatenga. Banki kuu ya nchi, kwa upande wake, ilikuwa imekwisha kuanza kukusanya dhahabu za kale tangu mwaka 1950. Basi hazina mbili za mababu wa Kosta Rika zikawa, moja chini ya banki na moja chini ya bima, na mwenye mzaha husema nchi ile haikuacha wahenga wake bila ya akiba wala bila ya dhamana.

Mwaka 2014 jumba lilihamia mahali pake pa sasa, jengo jipya lililosanifiwa kwa mfano wa pande la jedi lisilochongwa, mbele ya uwanja wa Plaza de la Democracia. Upande wa pili wa uwanja iko ngome ya Bellavista, ambapo tarehe 1 Desemba 1948 jeshi la nchi lilivunjwa na ngome ikakabidhiwa jumba la makumbusho la taifa. Hivyo mgeni hupita baina ya makumbusho mawili bila ya kukutana na askari wa jeshi. Ndani, mpangilio haufuati karne kwa karne. Iko sehemu ya jedi yenyewe. Iko sehemu ya mchana, penye kilimo, chakula, kazi na mavazi. Na iko sehemu ya usiku, ambayo taa zake zimefifizwa, penye popo, chui, waganga na maiti. Mimi nilikaa zaidi katika ile ya usiku. Popo ndiye mnyama aliyechongwa kwa mapenzi ya peke yake, mabawa yamenyooshwa kulia na kushoto katika kipande kimoja kirefu cha jedi, na anayejua ugumu wa jiwe hilo hujiuliza ni nani aliyethubutu kulitoboa kwa urefu wake wote, kutoka ncha hadi ncha, kwa mwanzi na mchanga, pasipo kulivunja. Iko pia sehemu ya kumbukumbu, inayokumbusha jumba la zamani la ghorofa ya 11, kwani taasisi nayo huwa na ujana wake.

Wanasema kuwa hakuna makusanyo ya jedi ya Amerika ya kale yaliyo makubwa kuliko haya ulimwenguni. Nami sijapata kuona lolote la kuupinga usemi huo. Lakini hapa ndipo taarikhi ya haki inapotofautiana na hotuba. Sehemu kubwa ya vipande hivyo ilinunuliwa, na aliyeviuza aliviokota kwa wachimba makaburi, na mchimba makaburi hana daftari. Yeye huingia na taa na sururu, hulitupa jiwe la kusagia kwa sababu ni zito, huvunja chungu kwa sababu hakina bei, huichukua jedi peke yake akaiosha, na akiulizwa ilitoka wapi hutaja mahali popote isipokuwa pale anapokusudia kurudi. Basi kibao cha kabati kikisema jiwe limetoka Nicoya au upande wa Karibi, mara nyingi husema hivyo kwa kufananisha sura na sura, si kwa ushahidi. Ilikuwa ya nani, mwanamume au mwanamke, sultani au mganga? Ililala kifuani au kinywani? Ilizikwa mwaka ilipochongwa, au baada ya kurithiwa mara kumi? Jiwe halijibu, na sheria ya mwaka 1981, namba 6703, iliyofanya vitu vyote vya kale kuwa mali ya taifa na kuharimisha biashara yake, ilikuja baada ya mengi kwisha kutendeka.

Je, alaumiwe Tristán kwa kununua? Wako wasemao kwamba mnunuzi ndiye humlisha mwizi, na hoja yao ina nguvu. Walakini mimi humtetea, maana hakuchagua baina ya kaburi zima na kaburi lililovunjwa. Yeye alikuta makaburi yamekwisha kuvunjwa, akachagua baina ya kabati la Wakosta Rika wote na sebule ya tajiri mmoja ng'ambo. Sisi watu wa pwani tunalijua jambo hili kwa uchungu wetu. Wachina, ambao waliipenda jedi kuliko johari zote, waliiiga rangi yake katika vyombo vya udongo vya kijani, vyombo hivyo vikaletwa na pepo za musimu hadi kwetu, na mchimbuzi wa mambo ya kale James Kirkman alipoanza kuchimba magofu ya Gedi mwaka 1948 aliviokota vigae vyake misikitini na majumbani. Wazee wetu walizipachika bakuli za Kichina katika nguzo za makaburi ya wenye hadhi; leo makaburi mengi ya aina hiyo yamebaki na mashimo ya mviringo tu, bakuli zimeng'olewa, na hapana Tristán aliyekuwapo kuzinunua kabla hazijapotea.

Ama Hartman, yeye alifanya kinyume chake: alihifadhi ushahidi, akaondoka na vitu. Michoro ya makaburi, namba, vipimo na vyombo vyenyewe viko Stockholm na Pittsburgh. Jedi bila ya makaburi yake iko San José. Ukiviweka pamoja, kaburi moja la Las Huacas lililochorwa sawasawa hufasiri mamia ya sanamu za shoka zisizo na nasaba. Wataalamu wa Kosta Rika wanalijua hilo, na hukitumia kitabu cha Hartman kama ufunguo. Lakini mwanafunzi wa skuli ya San José anayesimama mbele ya kabati hastahili kuelezwa kwamba ufunguo wa nyumba yao uko kwa jirani wa mbali.

Stockholm si mgeni wa habari za kurudisha vitu kwao. Jumba la Etnografia lilirudisha Kanada mwaka 2006 nguzo ya kuchongwa ya watu wa Haisla, iliyochukuliwa mwaka 1929, na halikubomoka kwa sababu hiyo. Jumba la Brooklyn, nchini Marekani, limerudisha Kosta Rika vyombo vingi vya makusanyo ya Keith, kwanza mwaka 2011, tena mwaka 2021. Nasi wa Afrika ya Mashariki tuna haja yetu katika makabati yale yale: Gerhard Lindblom, aliyeliongoza jumba hilo la Stockholm tangu mwisho wa miaka ya 1920 hadi mwaka 1954, alianza kazi yake Ukambani, akaandika juu ya Wakamba kitabu ambacho hata wasomi wa Kenya hukirejea, na maisha ya wazee wetu yamelala humo kwa lugha na hati za wageni.

Kwa hivyo ombi langu kwa wanaopanga sherehe za mwaka 2027 ni dogo na lina gharama ndogo: pamoja na mapambo na muziki, ziletwe San José nakala za daftari na michoro ya Hartman, zitundikwe katika sehemu ile ya usiku, kando ya sanamu za shoka, jina la kila mahali likiandikwa wazi, na Stockholm ikiweza kuazima hata jiwe moja la Las Mercedes, na iliazime, au bora ilirudishe. Na kwenu mlioko Bredäng, Skärholmen na vitongoji vya jirani, msingoje mwaliko: nendeni Djurgården na watoto wenu, waulizeni wahudumu makusanyo ya Kosta Rika na ya Ukambani, na mkiambiwa yamo ghalani, andikeni barua kuomba kuyaona. Siku ya Jumatatu jumba hufungwa.